Kitatange Sebuleni: Usione Vyaelea, Vimeundwa

Ukurasa huu wa Nyumbani umezoea kuzungumzia mambo ya jikoni, malezi ya watoto na bustani za mboga. Wiki hii tunaomba ruhusa yenu tumtazame kiumbe ambaye wakazi wengi wa Kigali hawajapata kumwona kwa macho yao: kitatange kibete, samaki mdogo wa rangi za kupendeza aishiye katika miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi.

Sababu ya kumleta katika ukurasa huu ni nyepesi. Tangu Julai 2021, askari jeshi na polisi wa Rwanda walipoanza kupelekwa katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vijana wengi waliozaliwa na kukulia milimani wamepata kuiona bahari kwa mara ya kwanza. Aliyeiona bahari hutamani kurudi na kipande chake. Mmoja hurudi na picha, mwingine hurudi na hadithi, na yuko anayerudi na swali: je, samaki wale wa rangi wa kwenye matumbawe hawawezi kuwekwa katika tangi la kioo, sebuleni, hapa hapa Kigali?

Jibu ni kwamba inawezekana. Kigali iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani, na juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,500, lakini wapo watu duniani waishio mbali zaidi na bahari ambao wanafuga samaki hao kwa miaka mingi. Hata hivyo wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Samaki anayeelea kwa madaha nyuma ya kioo ameundiwa bahari nzima, na bahari hiyo huundwa upya kila siku kwa mikono ya mtu. Katika nyumba ya askari, swali kubwa ni hili: mikono hiyo ni ya nani?

Huyu ni samaki gani?

Wavuvi wa pwani ya Kenya na Tanzania huwaita vitatange samaki wengi wa jamii hii wenye mwili bapa na rangi kali. Kitatange wa kweli hutambulikana kwa mwiba mkali ulio chini ya shavu, pale kifuniko cha matamvua kinapoishia. Ukimshika kwa wavu, mwiba huo hunasa katika nyuzi, na mtu asiye mwangalifu humjeruhi samaki akijaribu kumnasua. Kwa hiyo mfugaji mzoefu humhamisha kwa chombo cha plastiki na kuuacha wavu.

Katika jamii hiyo wako wakubwa wenye kufikia urefu wa mkono hadi kiwiko, ambao hawafai kabisa kuwekwa nyumbani. Tunayemzungumzia leo ni mdogo wao. Wataalamu humwita Centropyge acanthops, na walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1922. Huyu ni mwenyeji wa pwani yetu hasa: hupatikana kuanzia Somalia, kupita Kenya, Tanzania na Msumbiji, hadi Afrika Kusini. Urefu wake hauzidi sentimita 8. Mwili wake ni wa buluu iliyokolea, na kichwa pamoja na mgongo ni vya rangi ya machungwa, kama mtu aliyejitanda kanga mpya.

Huishi kati ya vifusi vya matumbawe, akitokeza na kujificha, akidonoa mwani mchana kutwa. Hukaa katika vikundi vidogo vyenye dume mmoja na majike kadhaa. Jambo la ajabu ni kwamba samaki hawa huanza maisha wakiwa majike. Dume akitoweka, jike aliye mkubwa kuliko wengine hubadilika polepole na kuwa dume. Kwa sababu ya desturi hiyo ya ukoo, madume wawili wakiwekwa katika tangi dogo watapigana mpaka mmoja afe. Anayeanza na aweke mmoja tu.

Tuseme na neno la onyo kwa walio safarini. Asijaribu mtu kumchota samaki baharini na kumtia katika chupa ili arudi naye nyumbani. Samaki huyo atakufa njiani, na zaidi ya hayo sehemu nyingi za matumbawe ni hifadhi. Baadhi ya visiwa vya Quirimbas huko Cabo Delgado vimo katika hifadhi ya taifa tangu mwaka 2002, na huko Kenya bahari ya Malindi na Watamu imehifadhiwa tangu 1968. Matumbawe ya pwani yetu yalipata pigo kubwa mwaka 1998, joto la bahari lilipopanda na kuyafanya yageuke meupe na kufa mahali pengi. Hayahitaji pigo jingine kutoka kwetu. Njia ya halali ni kununua kwa mfanyabiashara mwenye leseni. Kenya ina wavuvi wanaopiga mbizi na kukamata samaki wa mapambo kwa nyavu ndogo, na wauzaji wanaowasafirisha kwa ndege pamoja na cheti cha afya. Kabla ya kuagiza, uliza kwa mamlaka zetu masharti ya kuingiza kiumbe hai nchini, maana cheti cha muuzaji hakikuondolei wajibu wako mpakani.

Kwanza maji

Kosa la wengi ni kununua samaki kwanza na kutafuta maji baadaye. Ndugu msomaji, unachofuga hasa ni maji. Maji yakiwa mazima, samaki hujifuga mwenyewe. Maji yakiugua, hakuna dawa itakayomwokoa.

Tangi lisiwe chini ya lita 200. Lita 200 za maji ni kilo 200, na ukiongeza kioo na mawe uzito hupita robo tani. Usiliweke juu ya kabati la vyombo wala meza ya kulia. Lijengewe meza imara, mbali na dirisha linaloingiza jua, na mbali na jiko la mkaa.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita moja. Basi lita 200 zitahitaji karibu kilo 7. Hapa pana mtego. Chumvi ya mezani, hata ile inayosifiwa ya Uvinza au ya Katwe ambayo babu zetu walisafiri siku nyingi kuifuata, haifai kwa kazi hii. Maji ya bahari yana kalsiamu, magnesiamu na madini mengine kwa vipimo vyake, na chumvi ya kupikia haina mchanganyiko huo. Inatakiwa chumvi maalumu ya tangi la baharini, ambayo huagizwa kutoka nje. Piga hesabu kabla ya kuanza: ukibadilisha sehemu moja ya kumi ya maji kila wiki, yaani lita 20, utatumia gramu 700 za chumvi kwa wiki, na zaidi ya kilo 36 kwa mwaka mmoja. Anayeweza kununua tangi bila kuweza kununua chumvi ya mwaka mzima, na asubiri.

Maji yenyewe pia yachunguzwe. Maji ya bomba hutiwa klorini ili tusiugue, nasi tunashukuru. Lakini klorini hiyo huua samaki. Hutolewa kwa dawa yake au kwa chujio maalumu. Maji ya mvua kutoka katika mabati huonekana safi, ila hubeba vumbi na kutu za paa, kwa hiyo nayo yapitishwe katika chujio.

Shida za milimani

Mtu wa Mombasa anayefuga kitatange huhofia joto. Sisi wa Kigali tunahofia baridi. Samaki huyu hustawi katika nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi, na usiku wa kwetu hushuka hadi nyuzi 15 au 16. Kwa hiyo hita ya tangi na kipimajoto ni vitu vya lazima hapa. Kabla ya kuingiza mkono majini, chomoa nyaya zote katika umeme. Soketi iwe juu ya usawa wa maji, na mahali ambapo watoto hawafiki.

Shida ya pili haionekani kwa macho. Hewa ya milimani ni nyepesi, na katika mwinuko wa Kigali maji hubeba oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko maji yaliyo pwani. Tena maji ya chumvi hubeba oksijeni pungufu kuliko maji baridi ya ziwani, kwa karibu sehemu moja ya tano. Samaki wetu amepunguziwa mara mbili. Dawa yake ni mwendo: pampu iyatikise maji ya juu usiku na mchana, na tangi lisijazwe samaki wengi.

Umeme ukikatika, kitu cha kwanza kupungua ni pumzi. Weka tayari pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Usipokuwa nayo, chota maji ya tangi kwa jagi na kuyamwaga tena kutoka juu, kila baada ya dakika chache, na ufunike pande za tangi kwa blanketi ili joto lisitoke. Kazi hiyo inaweza kufanywa na mtoto wa miaka kumi, naye ataifanya kwa fahari.

Shida ya tatu ni ya nyumba zetu zote: dawa ya mbu. Dawa hizo za kupuliza ni sumu kali kwa samaki. Siku ya kupuliza, funika tangi kabisa, na pampu ya hewa ivute hewa kutoka chumba kingine. Vilevile asiingize mtu mkono wenye sabuni au manukato, wala ndoo ya tangi isitumiwe kufulia.

Wiki sita bila samaki

Baada ya kuweka maji, chumvi, hita, pampu na mawe makavu yenye matundu mengi, jizuie. Samaki asiingie kwa muda wa wiki nne hadi sita. Sababu ni hii: kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu, na katika maji ya bahari sumu hiyo huzidi kwa kuwa maji hayo hayana ukali wa asidi. Bakteria wazuri wanaoishi juu ya mawe huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo haina ubaya mwingi na huondolewa kwa kubadilisha maji. Lakini bakteria hao hawapo siku ya kwanza. Tupa tangini chembe chache za chakula cha samaki ili zioze na kuwavuta. Pima maji kila baada ya siku mbili au tatu. Amonia itapanda kisha itashuka. Nitriti itapanda kisha itashuka. Zote mbili zikisoma sufuri kwa wiki nzima, bahari yako imezaliwa.

Wengi huziona wiki hizo kuwa ni hasara. Sisi twaziona kuwa ni mtihani wa nyumba. Katika wiki hizo sita kazi zote zifanywe kama kwamba samaki yupo. Asubuhi, mtu asome kipimajoto na kutazama kama pampu inafanya kazi. Maji yaliyopungua kwa mvuke yajazwe kwa maji yasiyo na chumvi, kwa maana mvuke huondoka na maji na kuiacha chumvi nyuma. Anayejaza kwa maji ya chumvi huizidisha chumvi siku hadi siku, hasa katika kiangazi cha Juni hadi Agosti. Kila Jumamosi mtu achanganye lita 20 za maji mapya katika ndoo, ayapime chumvi na joto, kisha siku ya pili ayabadilishe. Kila kipimo kiandikwe katika daftari.

Na sasa tumefika penye kiini cha shauri letu. Kazi hizo asizifanye mtu mmoja. Kitatange kibete akitunzwa vema huweza kuishi zaidi ya miaka mitano. Katika miaka hiyo mitano, askari au polisi huenda akahamishwa kambi, akapelekwa kozi, au akatumwa ng'ambo kulinda amani kwa mwaka mzima. Amri ya safari haimsubiri samaki. Baba aliyetamani tangi ataondoka na begi lake, na tangi litabaki kwa mama watoto, ambaye tayari ana kazi, watoto, na hofu ya mwenzake aliye mbali. Iwapo hakuulizwa tangu mwanzo, pambo la baba limegeuka mzigo wa mama. Na mama akiwa ndiye askari, mambo ni yale yale kwa upande wa baba.

Basi mpango uwe hivi. Wiki mbili za kwanza za mtihani, mwenye hamu ya samaki afanye kazi akionyesha wengine. Wiki mbili zinazofuata, wafanye wengine naye akitazama bila kusaidia. Wiki mbili za mwisho, ajifanye kama ameshasafiri: asiguse tangi, asikumbushe mtu. Mwisho wa wiki sita mfungue daftari pamoja mezani. Kama vipimo viko sawa na hakuna siku iliyorukwa, nyumba hiyo ina haki ya kuagiza samaki. Kama kurasa zina mapengo, hakuna aliyekufa, na hakuna wa kulaumiwa. Tangi hilo hilo lioshwe chumvi, litiwe samaki wa maji baridi, wasiohitaji chumvi wala mawe ya matumbawe. Ziwa Tanganyika, lililo karibu nasi kuliko bahari, lina samaki wadogo wenye rangi wanaotafutwa na wafugaji wa dunia nzima.

Siku ya mgeni

Samaki husafirishwa katika mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, ndani ya sanduku la povu linalozuia baridi. Mgeni huyo hufika amechoka. Zima taa za chumba. Uache mfuko uelee juu ya maji kwa muda wa robo saa ili joto lilingane, kisha umhamishe samaki na maji yake katika ndoo safi na umwongezee maji ya tangi tone kwa tone. Maji ya safari yasimwagwe tangini, kwa kuwa yana uchafu wa njia nzima.

Mwenye uwezo na amweke kwanza katika tangi la pembeni kwa wiki nne, kama karantini. Ugonjwa wa madoadoa meupe huingia kwa njia hii, na ukishaingia tangi kubwa kuutoa ni kazi ngumu. Ahadhari na dawa zenye shaba: huua konokono na kamba wa tangini mara moja, na vitatange vibete wenyewe hawazistahimili sana.

Siku mbili tatu za mwanzo huenda akakataa kula. Asilazimishwe. Atadonoa mwani uliokwisha kuota juu ya mawe, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoharakisha. Baadaye apewe chakula chenye mwani mwingi, na nyama ya kamba iliyokatwa ndogo ndogo, mara mbili kwa siku, kiasi cha kumalizika katika dakika mbili. Chakula kinachozama ni amonia ya kesho. Watoto wafundishwe hili mapema, kwani samaki wengi wa nyumbani huuawa kwa huruma ya kulishwa kupita kiasi.

Na akishindikana, asitupwe mtoni wala ziwani. Samaki wa baharini katika Nyabarongo hatadumu: mwili wake umezoea kunywa maji ya chumvi, na maji baridi humjaa mwilini hadi afe. Samaki wa maji baridi naye asitupwe, kwa sababu nyingine. Isambaza tunazokaanga leo hazikuwa za Ziwa Kivu. Zililetwa na watu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Hizo zilitufaa tumboni, lakini kiumbe akishaingia ziwani hakuna wa kumwita arudi.

Ndugu wasomaji, wahenga walisema pia kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kitatange kibete hadai mengi: maji mazima, joto la kwao, mwani kidogo, na mtu wa kumtazama kila asubuhi. Hilo la mwisho ndilo lisilouzwa dukani. Afande anayemtamani samaki huyu na aanze kwa kukaa na jamaa zake jioni moja, awaeleze kazi zote bila kuficha hata moja, kisha awaulize kama wako tayari. Wakisema ndiyo, anunue daftari kabla ya kununua tangi.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi bustanini kwa habari za vitunguu.